Gari lililotumika kwa mwenye maumivu ya kiuno

Ndugu, umeuliza gari gani lililotumika litakufaa na kiuno chako hicho. Mimi nisingeanza na jina la gari, ningeanza na kiti. Kikalio kiwe karibu usawa wa nyonga zako ukiwa umesimama, ili uingie kwa kukaa tu, bila kudumbukia wala kupanda. Ndiyo maana gari la chini sana la kimichezo linatesa, na pikapu ndefu nayo inatesa wakati wa kushuka.

Kagua sponji ya kiti cha dereva. Kwenye gari la zamani mara nyingi imebonyea upande mmoja, ukakaa kombo bila kujua. Kiti kipande na kushuka, usukani usogee juu na chini na ikiwezekana uje mbele pia, na kama kina kiegemeo cha kiuno kinachorekebishika, hakikisha bado kinafanya kazi. Kisha omba kuliendesha nusu saa nzima, barabara mbovu ikiwemo. Dakika tano hazikwambii kitu, kila kiti ni kitamu dakika tano!

Rimu kubwa zenye tairi nyembamba ubavuni hupendeza machoni, lakini kila shimo utalisikia mgongoni. Shokapu na bushi (vile vipande vya mpira kwenye maungio ya chini ya gari) zilizochoka zinabadilishwa, kwa hiyo usilikatae gari zuri kwa hizo. Omba upunguziwe bei tu. Gia chukua otomatiki, hasa kama maumivu yanashuka mguu wa kushoto, maana klachi kwenye foleni ni adhabu.

Na pochi itoe mfuko wa nyuma kabla hujakaa, isikukalishe kombo.