Ushuhuda Wangu Niliutunga, Sasa Naitwa Kongamanoni

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Isevya hapa Tabora. Nimezaliwa na kukulia Moravian, na mume wangu ni mzee wa kanisa. Kwenye kikundi chetu cha maombi kila mtu anasimama na kusema aliokoka tarehe fulani, saa fulani, wengine wanakumbuka hata nguo waliyovaa. Mimi sina. Miaka yote naanzisha pambio kisha nakaa. Mwaka jana walinibana, nikasimama nikasema kwamba nilipolazwa na malaria niliona mwanga mkali usiku, nikasikia naitwa jina langu mara mbili. Watu walilia, Shangazi. Ukweli ni kwamba ule mwanga ulikuwa tochi ya nesi aliyekuja kuangalia dripu. Sasa mwenyekiti wa akina mama anataka nikautoe ushuhuda huo kwenye kongamano. Tena kuna binti ana mtoto mgonjwa, ameniambia maneno yangu ndiyo yanayomshikilia. Sipati usingizi. Na najiuliza, ina maana Mungu hajawahi kunijia kabisa? Wifi yangu aliyenitolea maneno msibani mbele ya watu aliugua, nikajikuta nampelekea uji kila asubuhi mpaka akapona, na ile chuki sijui ilikwenda wapi. Lakini huo ni uji tu. Nifanye nini?*
*Mama wa Isevya*

Marahaba, mwanangu, na pole. Kwenye tochi ya nesi nilicheka, unisamehe, kisha kicheko kikanikauka nilipofika kwa yule binti.

Umeniletea mambo mawili yamefungwa kitita kimoja: uongo uliousema, na hofu kwamba Mungu amekuruka. Nianze na hofu, maana ndiyo iliyouzaa uongo.

Nani alikuambia kila aliyekutana na Mungu ana tarehe? Paulo anayo habari yake ya njia ya Dameski, na ndiyo tunayohubiriwa kila mara. Lakini Paulo huyohuyo alipomwandikia Timotheo hakumuuliza saa. Alimwambia anaikumbuka imani yake, “ambayo ilikaa kwanza katika bibi yako Loisi, na katika mama yako Eunike”. Imani ya nyumbani, ya kusikia wazee wanaomba huku wewe unasinzia. Hakuna tunaposoma kwamba Timotheo aliona mwanga, na Paulo alimkabidhi kazi vilevile.

Najua utaniambia kanisa lenu lenyewe lina tarehe ya uamsho wake: 13 Agosti 1727, kule Herrnhut, Ujerumani. Ni kweli, na ni siku ya kuheshimiwa. Ila tazama kilichotangulia. Wale watu, wengi wao wakimbizi wa dini waliopewa hifadhi kwenye ardhi ya Zinzendorf, kabaila wa Kijerumani, walikuwa wamegombana mpaka hawasikilizani. Zinzendorf akawa anapita kwao nyumba kwa nyumba. Mwezi wa tano wakakaa wakatia saini makubaliano ya namna ya kuishi pamoja. Ndipo Agosti wakaenda Meza ya Bwana, na huko wakapatana kwa machozi. Moto ulishuka, sawa, lakini ulishuka juu ya watu waliokuwa wamekwisha anza kutafutana.

Kuna na John Wesley, yule padri wa Kianglikana wa Uingereza aliyejifunza mengi kwa Wamoravian. Jioni ya 24 Mei 1738 alikwenda kwenye mkutano katika mtaa wa Aldersgate, London, tena anasema mwenyewe alikwenda shingo upande. Ulikuwa unasomwa utangulizi wa Luther kwa Waraka kwa Warumi, akahisi moyo unapata joto. Akaandika mpaka saa: kama saa tatu kasoro robo usiku. Ushuhuda wa kikundi chenu kabisa! Lakini wanaoupenda ushuhuda huo huwa hawafiki Januari 1739, ambapo mtu huyohuyo aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Haikuwa imetimia hata miezi minane. Hakuifuta ile ya Mei, wala hakuificha hii ya Januari. Aliziacha zote mbili, akaendelea kuhubiri na kuwatembelea wafungwa.

Kwa hiyo wenye tarehe wasidharauliwe, na wasikutishe pia. Paulo alipowaandikia Wakorintho alisema utu wetu wa ndani “unafanywa upya siku kwa siku”. Kitu cha siku kwa siku utakitajaje saa yake?

Sasa huo uji. Umeuweka mwishoni mwa barua, halafu ukaupiga teke. Mimi siwezi kukuapia kwamba ni Mungu. Watu hupeleka uji kwa wagonjwa kwa sababu nyingi, wengine ili mtaa uwaone. Lakini wewe unasema hukutumwa, na kwamba chuki ya mtu aliyekuvunjia heshima msibani iliondoka bila wewe kujua imetokea mlango gani. Mtu anayeamka alfajiri, akawasha mkaa, akakoroga uji wa mgonjwa aliyemtukana, akafunika bakuli kwa sahani uji usipoteze joto njiani, kisha kesho yake akarudia, huyo kuna kitu kimemgeuza ndani. Yakobo aliamka Betheli akasema, “Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua.” Naye alikuwa amelala tu, kichwa juu ya jiwe.

Nikimaliza hapo nitakuwa nimekubembeleza. Ule uongo upo, na hautayeyuka kwa sababu watu walilia.

Usiende kongamanoni na habari ya mwanga. Usijiambie kwamba ina matunda mema. Mwenzio akifarijika kwa jambo ambalo halikutokea, siku atakapogundua hatakuacha wewe peke yako, anaweza kumwacha na Mungu. Na hizi fellowship zetu za ushuhuda, zimeathiriwa sana na ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Kenya na huku kwetu. Waliookoka wale hawakusimama kushindana maono. Walisimama kutaja dhambi kwa jina lake, wakarudisha vitu walivyoiba, wakaombana radhi. Wakaita kutembea nuruni. Siku hizi naona sehemu nyingi tumebakiza kusimama, mengine tumeyaacha. Basi kikundi kilichokubana useme nacho kina la kujibu, ingawa si kazi yako kukishitaki.

Leo usiku mwambie mume wako. Yeye ni mzee wa kanisa. Akiyasikia kwenye baraza la wazee utakuwa umemuumiza mara mbili. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, si kwa simu, na kabisa si kwa ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, maana huo utafika Nzega kabla hujamaliza kuaga. Mwambie: “Mama, ule ushuhuda niliutunga. Nilikuwa naona aibu kukaa bila neno. Naomba msamaha, na naomba nafasi ya kuwaambia wenzangu palepale niliposemea.” Inatosha. Usiongeze machozi ya kupamba, tayari unajua unaweza kuwaliza watu. Mkutano mzima wa kongamano hauna deni lako, kikundi ndicho kinachokudai.

Akikuambia “basi njoo utupe la kweli”, usikimbilie kukubali. Kaa kwanza mwaka mmoja bila kusimama mbele ya watu.

Lakini kabla ya mwenyekiti, kesho asubuhi, ni yule binti. Asiyasikie mtaani. Usimwendee na mahubiri wala na mistari. Mwambie ukweli, kwamba ulikuwa mgonjwa, ukapewa dawa, ukapona, na mwanga ulikuwa wa tochi. Akulaumu, na umsikilize mpaka amalize. Halafu muulize kliniki ya mtoto ni lini, na siku hiyo umsindikize.