Kabla hujanunua mbao za kupaulia, uliza kenchi zitalalia wapi

Boma likishafika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, mwenye nyumba ana maswali mawili tu: bati gani, na mbao ngapi. Fundi anazunguka boma mara moja, anapiga hesabu kichwani, anakuandikia orodha kwenye kipande cha mfuko wa saruji. 2x4 kadhaa (yaani inchi 2 kwa 4), 2x6 kadhaa, 2x2 za kupigilia bati, misumari ya inchi nne na ya inchi sita. Unatuma hela, mzigo unashushwa, na siku chache baadaye nyumba ina umbo la nyumba. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyetaja uzito wa paa unashuka kupitia wapi.

Nimejenga ya kwangu Kibaha na nimesimamia za ndugu na jamaa ambao wako mbali na saiti zao. Kila boma ninaloitwa siku hizi naanza na swali moja kwa fundi: kenchi zako, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zitalalia ukuta upi? Jibu lake linaniambia kama tuna mtu wa kupaua au tuna mtu wa kupigilia misumari.

Ziko namna mbili. Ya kwanza ni kenchi inayokaa juu ya kuta mbili za nje tu, na katikati haigusi kitu. Ya pili ndiyo iliyozoeleka mitaani: rafta, zile mbao za mteremko zinazobeba bati, zinapandishwa, halafu chini yake zinasimamishwa nguzo fupi za mbao zinazokanyaga kuta za vyumba. Mafundi huziita zote mbili kenchi, na kwa chini huwezi kuona tofauti baada ya dari kufungwa. Lakini hiyo ya pili inaufanya kila ukuta wa ndani uwe mbeba mzigo, na kuta za ndani si zote zilizojengewa msingi wa kubeba. Ule ukuta wa stoo ulioongezwa baadaye, umeanzia juu ya jamvi (zege la sakafu) tu, unajikuta una robo ya paa kichwani. Ufa wa mshazari unaotokea juu ya mlango wa chumba, ambao watu hulaumu udongo, mara nyingine umetokea juu.

Siikatai ya pili. Kwa nyumba ndogo yenye kuta za ndani zilizoanzia kwenye msingi na zenye lenta, inafaa na ni rahisi. Ninachokataa ni kuchanganya bila kujua. Kenchi iliyochorwa ikae kwenye kuta za nje, ukiiwekea kipande cha tofali katikati "ili isaidike", umebadilisha hesabu yake yote: mbao iliyokuwa ikivutwa sasa inasukumwa, na kiungo kilichopangiwa kazi moja kinafanya nyingine. Ndiyo maana wanaozichora hutaka pawe na uwazi mdogo, sentimita moja hivi au zaidi, kati ya kenchi na ukuta wa ndani. Ukimwona fundi anaziba uwazi huo kwa saruji, msimamishe kwa upole lakini msimamishe.

Nguvu ya kenchi inatoka kwenye pembetatu. Piga mbao nne ziwe mraba, msumari mmoja kila kona, usukume: unalala. Pembetatu hailali mpaka mbao ivunjike au kiungo kiachie. Rafta mbili zikibebeshwa bati zinataka kutanuka na kuzisukuma kuta nje. Ile mbao ndefu inayolala chini, tai bimu, ndiyo inayozishika miguu. Kwa hiyo tai bimu iko kwenye mvuto muda wote. Na hapa ndipo tatizo letu lilipo, maana mbao nyingi sokoni ni za futi 12, yaani mita 3 na sentimita 66, na nyumba ya kawaida ina upana wa mita 8, 9 au 10. Lazima uunge. Kiungo cha tai bimu ndicho kitu cha kwanza ninachopanda ngazi kukiangalia.

Nimekuta vimeungwa kwa kulalishana kiganja kimoja na misumari mitatu iliyopangwa mstari mmoja. Mbao inapasuka kufuata mstari huo. Kiungo cha maana kina vipande viwili vya pembeni, kimoja kila upande, virefu vya kutosha kupita pande zote mbili za maungio, na misumari iliyotawanywa, au bolti zenye washa pana. Maungio yote yasikutane katikati ya nyumba. Kwenye kona, pale rafta inapokutana na tai bimu juu ya ukuta, kipande cha plaiwudi nzito au bamba la chuma pande zote mbili kinafanya kazi ambayo msumari wa inchi sita hauwezi peke yake. Marekani walilimaliza jambo hili tangu miaka ya 1950, kwa bamba la chuma lenye meno mengi linalogandamizwa kiwandani kwa mashine. Huwezi kuligonga kwa nyundo saiti ukapata matokeo yale yale, kwa hiyo usiuziwe bamba la namna hiyo ukaambiwa ni la kupigilia tu.

Mchoro wa kenchi unatakiwa kabla ya zege la lenta kumwagwa. Watu wengi wana ramani ya nyumba yenye paa lililochorwa kwa mistari miwili, na hiyo si ramani ya paa. Mlipe mhandisi aliyesajiliwa akuchoree kenchi: ukubwa wa mbao, umbali kati ya kenchi na kenchi, na kila kiungo. Ukijua kenchi zinasimama wapi, unaacha vipande vya nondo vya milimita 8 au 10 vikichomoza kwenye lenta mahali pale pale, na siku ya kupaua unavikunja juu ya kenchi na kuvifunga. Ukisubiri lenta ikauke ndipo uanze kufikiria, utaishia na waya wa kufungia nondo uliozungushwa kwenye mbao, na waya huo si kitu.

Tunaogopa paa kuanguka, lakini paa la bati mara nyingi huondoka kwenda juu. Bati lina uzito wa kilo 3 hadi 5 tu kwa mita ya mraba. Upepo mkali ukipita juu yake unalifyonza kuliko linavyojikandamiza. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024 kiliwakumbusha watu wa pwani kwamba hatuko nje ya njia, lakini huhitaji kimbunga. Upepo wa kuanza kwa mvua, kwenye nyumba iliyoko uwanda wazi wa Dodoma au Singida, unatosha. Angalia mnyororo wote: bati limefungwa kwenye 2x2, 2x2 kwenye rafta, rafta kwenye tai bimu, tai bimu kwenye lenta, lenta kwenye ukuta. Pale penye ulegevu ndipo upepo utaanzia. Ukitumia vigae vya zege hadithi ni nyingine kabisa: kilo 40 hadi 50 kwa mita ya mraba, mara kumi ya bati. Yule anayekwambia "tuanze na bati, baadaye utaweka vigae juu ya kenchi hizo hizo" hakutakii mema.

Kuhusu mbao, nitasema ninayoyasimamia. Paini nyingi tunayopaulia inatoka nyanda za juu kusini, Mufindi na Njombe, shamba la Sao Hill likiwa kubwa kuliko yote. Ni mbao nzuri kwa kenchi ikiwa imekauka. Ikija mbichi, unaipigilia leo, inasinyaa juu ya paa kwa miezi, misumari inalegea, na rafta inajikunja. Nunua mapema, panga kivulini juu ya vibao vya kutenganisha ili hewa ipite, funika juu tu. Pima pia: 2x4 ya sokoni mara nyingi haifiki 2 wala 4, na mhandisi alihesabu kwa vipimo alivyoandika, siyo jina la mbao.

Dawa ndiyo penye ujanja mwingi. Mbao iliyoingizwa dawa kwa mgandamizo huwa na rangi ya kijani, basi wapo wanaochovya mbao kwenye pipa la maji ya rangi na kuziuza kwa bei ya dawa. Omba ikatwe katikati mbele yako. Ya kweli, kijani kimeingia ndani kwenye nyama ya mbao. Ya uongo, ni ngozi tu. Kila unapokata mbao ya dawa saiti, paka dawa kwenye jeraha hilo, kwa sababu mchwa na dumuzi hawahitaji mlango mkubwa. Kama bati lako ni lile lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, usiliache likae moja kwa moja juu ya mbao ya dawa iliyolowa: shaba iliyomo kwenye dawa inalila bati. Na vipande vinavyobaki visiende jikoni kwa mama ntilie wa saiti. Dawa ya kijani iliyozoeleka ina aseniki, ambayo ni sumu. Moshi wake na majivu yake si vya kuwa karibu na chakula cha mtu yeyote.

Siku ya kusimamisha kenchi ni siku ya hatari kuliko zote za ujenzi wa nyumba ya chini. Kenchi moja ikisimama peke yake haina nguvu ya ubavuni hata kidogo. Ikianguka moja isiyofungwa, zinafuatana kama karata zilizosimamishwa mezani, na kuna vijana juu yake. Ya kwanza ishikiliwe kwa mirunda hadi chini, kila inayofuata ifungwe kwa mwenzake kabla ya kuachiwa, na mbao za mshazari za kuzuia ubavuni zibaki humo humo hata baada ya bati kupigwa. Fundi akizing'oa ili azitumie kwingine, umepoteza kitu ulichokilipia.

Baada ya hapo adui ni mafundi wanaokuja nyuma. Wa umeme anataka bomba lipite, wa dari anataka jipsamu ipande juu katikati ya sebule, wa kiyoyozi anataka nafasi. Msumeno ukigusa tai bimu, rafta zinaanza kutanuka. Kama unataka dari la kuinuka, sema kabla, lichorwe. Tangi la maji usiliweke juu ya kenchi kabisa: lita 1,000 ni tani moja, imesimama mahali pamoja usiku na mchana. Lijengewe mnara wake. Hita ya maji ya jua yenye tangi la lita 200 nayo itajwe kwa mhandisi mapema.

Kenchi za chuma chepesi, zile za bati nene lililokunjwa na kufungwa kwa skrubu, nazipenda kwa sababu moja isiyo ya kiufundi: haziwezi kukisiwa. Kiwanda kinakata kwa mchoro, kwa hiyo mchoro lazima uwepo. Mchwa hawazili. Ila karibu na bahari, chumvi inazila polepole, na skrubu zikiwa za bei ya chini zitakufa kabla ya kenchi. Linganisha bei kwa nyumba nzima, pamoja na ufundi na dawa ya mbao, siyo bei ya mbao tupu dhidi ya chuma.

Sakafu za ghorofa nimeziacha mwisho kwa kuwa kwetu ghorofa ni zege, na mara nyingi ndivyo inavyofaa kuwa. Lakini pwani tulikuwa na sakafu za mbao kabla ya nondo. Vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu ni virefu na vyembamba, upana mara nyingi hauzidi mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko ilibidi ifike kutoka ukuta hadi ukuta. Kenchi ya sakafu inaondoa kizuizi hicho: mbao mbili zinazolala sambamba, moja juu moja chini, na kati yao vipande vifupi vya mshazari. Mbao fupi zinavuka chumba kipana, na mabomba na nyaya yanapita katikati bila mtu kutoboa kitu.

Mahali zinapolipa ni pale kuta haziwezi kubeba zege. Slabu ya sentimita 15 ina kilo 360 kwa mita ya mraba kabla hujaweka kitanda. Sakafu ya kenchi za mbao, na mbao zake za juu na dari ya chini, ni kilo 50 hadi 70. Ndugu yangu alitaka chumba juu ya gereji iliyojengwa kwa tofali za inchi tano, na mhandisi alikataa zege papo hapo. Tulitumia kenchi za skwea paipu, mabomba ya chuma ya pembe nne, zilizochomelewa, plaiwudi nzito juu. Mhandisi alisisitiza kina kuliko unene wa chuma: kwa upana wa mita 5 kenchi iwe na kina cha sentimita 30 hadi 40, na isipinde zaidi ya milimita 14 hivi, yaani moja ya 360 ya urefu wake, chumba kikiwa na watu. Ikizidi hapo haitavunjika, lakini glasi zitalia kabatini kila mtu akipita. Chumba kipo, hakitikisiki. Kelele ndiyo bei yake. Watoto wakikimbia juu, aliye chini anazihesabu hatua. Kama walio chini ni wapangaji, mwaga zege na uimarishe kuta kwanza.