Priampu ya maiki inanguruma: tafuta njia ya mkondo kabla ya kununua kapasita

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimeunda priampu ya maiki (kikuza sauti cha kwanza) ya chaneli mbili. Kila chaneli ina transfoma ya kuingizia sauti ya 1:10, kisha chipu mbili za kukuza sauti, NE5534. Umeme ni ±15 V kutoka regyuleta (chipu za kutuliza volti) LM317 na LM337. Transfoma ya umeme ni toroidi (ya umbo la pete) ya 30 VA, 2×12 V, nayo imo ndani ya kasha lilelile la alumini la 1U (kimo cha nafasi moja ya rafu). Nikipandisha geini (kiasi cha kukuza) hadi 60 dB nasikia mngurumo, na nikigusa kasha kwa kidole unapungua. Jioni unazidi. Nilitoa kapasita za 2200 µF nikaweka za 10,000 µF. Badala ya kutulia, sasa kuna mvumo mkali kama wa nyuki. Je, ninunue regyuleta bora zaidi, au NE5534 nilizouziwa ni feki? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usinunue kitu kwanza. Dalili ulizoeleza ni za makosa manne yaliyopandana, na karibu yote yako kwenye waya na mpangilio wa kasha. NE5534 feki haingurumi kwa hezi 50. Feki huchemka shhh kupita kiasi, au hutetemeka kwa masafa ya juu na kupata joto bila kazi. Ukiiweka kwenye soketi unaweza kuibadilisha kwa dakika moja na kumaliza ubishi.

Anza kwa kupima. Chukua plagi ya XLR (ile ya pini tatu ya maiki) ya chuma, lehemu resista ya 150 Ω kati ya pini ya 2 na ya 3, unganisha pini ya 1 na ganda la plagi, kisha ichomeke mahali pa maiki. Weka geini 60 dB, rekodi dakika moja kwenye kompyuta na ufungue chati ya masafa. Resista ya 150 Ω peke yake, kwa joto la kawaida la chumba na upana wa 20 kHz, hutoa kelele ya takriban −131 dBu (kipimo cha ukubwa wa mawimbi ya sauti kwenye waya). Ukiikuza kwa 60 dB unapata −71 dBu, na chini ya hapo hakuna fundi awezaye kwenda. Saketi yako ikiwa na decibeli 2 au 3 juu ya hiyo, imefanya kazi nzuri. NE5534 nyuma ya transfoma ya 1:10 inafaa sana, kwa sababu ile 150 Ω huonekana kwake kama 15 kΩ, na kelele ya ukinzani huo inaifunika kelele ya chipu yenyewe.

Sasa tazama vichuguu kwenye chati. Vikisimama kwenye 50, 150 na 250 Hz, ni uga wa sumaku wa toroidi unaoingia kwenye transfoma za sauti, au ni mkondo unaozunguka kwenye waya za ethi (waya wa ardhi). Vikisimama kwenye 100, 200 na 300 Hz, chanzo kiko upande wa daraja la dayodi, linalogeuza AC kuwa DC. Vikiwa msitu mzima unaopanda hadi kilohezi kadhaa, huo ndio mvumo wako wa nyuki: mipigo ya kuchaji kapasita imepewa njia inayopitia waya wa sifuri wa sauti, yaani waya ambao sauti yote hupimwa kutoka kwake. Kwa maelezo yako, nategemea utaona vyote vitatu.

Tuanze na huo wa nyuki, maana umeutengeneza mwenyewe. NE5534 moja hula takriban 4 mA, kwa hiyo nne ni 16 mA. Ongeza resista za regyuleta na taa ya mbele, tuseme 30 mA. Mawimbi yanayobaki kwenye kapasita ni mkondo ukigawanywa kwa mara 100 ya uwezo wa kapasita: 0.03 gawanya kwa (100 × 0.0022), yaani kama 0.14 V. LM317 huyapunguza kwa takriban 65 dB, na ukiweka kapasita ya 10 µF kwenye mguu wake wa ADJ (wa kupanga volti) inafika karibu 80 dB. Kapasita za 2200 µF zilitosha na kubaki. Ulipoweka 10,000 µF, dayodi zinafunguka kwa muda mfupi zaidi, na mkondo uleule unapita kwa mipigo mikali zaidi. Wastani ni 30 mA, lakini kilele cha mpigo kinaweza kufika nusu ampea.

Nusu ampea hiyo inakuumiza hivi. Waya wa 0.5 mm² wenye urefu wa sentimita 20 una ukinzani wa takriban miliohmu 7. Mpigo wa 0.4 A ukipita humo huacha karibu milivolti 3 kati ya ncha zake. Ikiwa kipande hicho cha waya ndicho pia marejeo ya sifuri ya NE5534 ya kwanza, milivolti 3 hizo zinakuzwa mara 100 pamoja na sauti. Regyuleta ya bei yoyote haiwezi kuzuia jambo hilo, kwa sababu mpigo hauji kwa njia ya waya wa +15 V.

Dawa ni kuupa mpigo duara lake fupi usilotoka. Waya wa katikati wa toroidi uende moja kwa moja kwenye kiungo cha kapasita mbili kubwa, na usiguse kitu kingine njiani. Daraja na kapasita zikae karibu karibu, waya za toroidi zikiwa zimesokotwa pamoja. Kutoka kwenye kiungo cha kapasita, upande wa mbele, toa waya mmoja tu hadi kituo cha sifuri kwenye regyuleta, na ni hapo ndipo kila chaneli ichukue sifuri yake kwa waya wake. Kosa ninalolishuku kwako ni kuchukua sifuri ya sauti kwenye terminali ileile ambapo waya wa katikati wa toroidi unatua, au popote kati ya toroidi na kapasita. Kwenye mchoro ni nukta moja, ila kwenye bodi ni barabara yenye urefu. Rudisha zile 2200 µF ukiwa hapo.

Jioni sasa. Toroidi ya 2×12 V kwa ±15 V ni hesabu ya kubana sana. 12 mara 1.41 ni 17, toa 0.7 ya dayodi, zinabaki 16.3 V, wakati regyuleta inataka takriban 17 V ili ishike 15. Inafanya kazi mchana kwa sababu toroidi ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilichoandikiwa, pengine 13.5 V. Hapo unapata takriban 18.2 V kwenye bonde la mawimbi, yaani akiba ya volti moja na kidogo. Watu wakiwasha majiko na pasi, umeme wa ukutani ukishuka kutoka 230 V hadi 210, akiba yote imeliwa. Regyuleta inaachia, na mawimbi ya 100 Hz yanapita kama yalivyo. Chipu yenyewe ingeweza kuyavumilia. Tatizo ni kwamba yanapita pia kwenye kapasita za 100 µF ambazo huwekwa karibu na chipu na kumwagika kwenye waya wa sifuri, tunarudi kulekule. Hakikisha jioni kwa mita: pima kati ya mguu wa kuingia na wa kutoka wa LM317, kisha wa LM337. Mita ya DC huonyesha wastani tu, kwa hiyo ukiona chini ya 2.5 V usijidanganye kwamba inatosha. Badilisha toroidi iwe 2×15 V, au 2×18 V kama umeme wa mtaani kwako unashuka sana. Kwa 30 mA regyuleta itapata joto kidogo tu. Kapasita ziwe za 35 V.

Ukiwa unagusa regyuleta, angalia bati za mgongoni. Bati la LM317 ni mguu wa kutoka. La LM337 ni mguu wa kuingia. Zote mbili zikifungwa kwenye kasha zinahitaji karatasi ya maika na bushi ya bolti. Miguu nayo haifuatani sawa kati ya hizo mbili, na huu ndio mtego unaounguza wengi siku ya kwanza.

Kidole kwenye kasha ni dalili ya kwamba kasha halijashikwa vizuri na ethi. Alumini ya kasha za rafu huwa na rangi au ngozi ya anodi ambayo haipitishi umeme, kwa hiyo bamba la mbele, la nyuma na kifuniko vinaweza kuwa vimefungwa kwa skrubu lakini kila kimoja kinaelea kivyake. Kwangua hadi alumini ing'ae, tumia washa (ringi ya bolti) yenye meno. Waya wa kijani na njano uende kwenye bolti yake peke yake karibu na tundu la umeme, bolti isiyofanya kazi nyingine yoyote. Kisha chomoa kifaa ukutani, pima kati ya pini ya ethi ya plagi na kila bamba: mita isome karibu na sifuri, chini ya 0.2 Ω baada ya kutoa ukinzani wa waya za mita. Kama kasha liko sawa na bado kidole kinabadilisha sauti, soketi ya ukutani huenda haina ethi. Mwite fundi umeme wa nyumba. Kukata waya wa ethi ili mngurumo uishe ni kuhatarisha mwimbaji aliyeshika maiki kwa mkono uliolowa jasho. Kwenye waya wa moto weka fyuzi ya polepole ya 250 mA, na mara ya kwanza baada ya matengenezo washa kupitia balbu ya nyuzi ya 60 W iliyounganishwa mfululizo. Ikimulika kwa nguvu na isififie, zima.

Pini ya 1 ya XLR inahitaji maneno zaidi, kwa sababu hata viwanda vilikosea kwa miongo. Mwaka 1995 mhandisi wa sauti Neil Muncy alieleza kwa kirefu jinsi wavu wa waya wa maiki (ngao inayozunguka nyaya zake) ukiunganishwa na sifuri ya bodi badala ya kasha unavyouingiza kwenye saketi mkondo wote wa kelele ulioushika. Kiwango cha AES48 cha mwaka 2005, cha chama cha wahandisi wa sauti AES, kikaweka kanuni: wavu uishie kwenye kasha. Kwako maana yake ni waya mfupi, sentimita 2 au 3, kutoka pini ya 1 hadi bolti ya kasha kando ya kila XLR, ya kuingia na ya kutoka. Usiipitishe kwenye bodi. Sifuri ya sauti nayo iguse kasha mahali pamoja tu, karibu na XLR za kuingia.

Kujaribu ni rahisi. Chukua transfoma nyingine ndogo ya 12 V AC, weka resista ya 220 Ω ya wati 2 kwa mfululizo, upate kama 55 mA. Priampu ikiwa imewashwa na ile plagi ya 150 Ω iko mahali pake, pitisha mkondo huo kati ya pini ya 1 ya kuingia na bolti ya kasha, kisha kati ya pini ya 1 ya kuingia na ya kutoka. Kama mngurumo haubadiliki, waya zako ni safi. Ukipanda, mkondo umeingia ndani ya saketi na umeona wapi pa kurekebisha.

Fantomu ya 48 V (umeme unaolisha maiki kupitia kebo yake) hukuitaja. Kama ipo, resista mbili za 6.8 kΩ zilingane ndani ya 0.4%, yaani zisitofautiane zaidi ya ohmu 27. Nunua kumi za 1%, uchague mbili kwa mita. Zisipolingana, mkondo wa DC unapita kwenye transfoma ya sauti na besi inachafuka mapema, na mawimbi ya chanzo cha 48 V hayafutani tena kati ya pini ya 2 na ya 3.

Linabaki lile la 50 Hz, nalo ndilo gumu. Alumini haizuii uga wa sumaku wa hezi 50. Chuma hupunguza kiasi. Ndani ya 1U huna pa kukimbilia. Kwanza hakikisha bolti ya toroidi haigusi kasha juu na chini kwa pamoja, maana hapo bolti na kasha vinakuwa mzunguko mmoja wa waya uliofungwa, na transfoma itachemka. Kisha ilegeze, na ukiwa umefunika viungo vyote vya umeme wa ukutani, izungushe nyuzi 20 hivi kwa kila hatua ukisikiliza kwa hedifoni. Pale waya zinapotokea ndipo uga huvuja zaidi, kwa hiyo upande huo uelekee mbali na transfoma za sauti. Umbali unalipa kuliko ngao: uga hupungua takriban kwa kipeo cha tatu cha umbali, hivyo ukiongeza umbali mara mbili unapata karibu 18 dB bila senti.

Kwa kasha la 1U lenye transfoma za 1:10, mimi ningehamisha toroidi, fyuzi, daraja na kapasita kwenye kisanduku cha chuma nje, mita moja mbali, na kuleta DC kwa kebo yenye plagi ya pini tano. Usitumie XLR ya pini tatu, siku moja mtu ataichomeka kwenye maiki. Regyuleta zibaki ndani karibu na bodi. Ethi ipite pia kwenye kebo hiyo hadi kwenye kasha.

Kama 50 Hz bado ipo toroidi ikiwa nje, geuza transfoma za sauti zenyewe nyuzi 90 kabla ya kuwaza kununua kopo la mumeto (aloi ya kukinga uga wa sumaku). Ukilinunua, usilikunje, usilitoboe wala kuliangusha. Likipata kishindo linapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kunywa sumaku. Halafu moja dogo: ikiwa NE5534 ya pili umeifunga bila kukuza, inataka kapasita ya 22 pF kati ya mguu wa 5 na wa 8, na resista ya 47 Ω kabla ya kebo ndefu, la sivyo itatetemeka na utarudi kulilaumu duka.