Usiache rozari kisa umekauka

Usiache! Umeandika hapo juu kwamba tangu Pasaka ukishika rozari husikii kitu, unataka uipumzishe kwanza mpaka hamu irudi. Mkuu, hiyo "mpaka hamu irudi" ndo iliyonimaliza mimi.

Nilikuwa nasali kila jioni na watoto, ukavu ukaingia, jamaa mmoja kwenye kikundi chetu cha sala, tuliyemwona kama mwalimu, akaniambia kusali bila kusikia kitu ni unafiki, tulia mpaka Roho akuguse tena. Nikamsikiliza. Ikaondoka rozari, kikafuata kitubio, jumuiya nayo nikaanza kuikwepa maana wataniuliza nilikuwa wapi, mwisho Misa nikawa mtu wa Krismasi, na watoto wanaona yote, wakakua wakijua baba akikosa hamu Mungu anawekwa pembeni. Mimi nilirudi. Mkubwa wangu hajarudi mpaka leo. Na yule jamaa bado anawafundisha watu hivyohivyo, inanikera mno, roho ya mtu unaipimaje kwa kuangalia kama mwili umesisimka?

Padre aliyenipokea kitubioni aliniambia kanuni ya Mt. Inyasi wa Loyola, ambaye alionja giza hilo mwenyewe kule Manresa, Hispania, mwaka 1522: wakati wa ukiwa, yaani roho ikiwa kavu na gizani, usibadilishe kitu, shika uliloamua ulipokuwa na amani. Tena anataka ukae kwenye sala kidogo zaidi ya muda uliojipangia, kwa sababu adui anachotaka ni uukate. Mt. Tomaso wa Akwino, yule mwalimu mkubwa wa Kanisa, naye anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya nguvu, yaani ushujaa wa roho, ni kustahimili, linazidi hata kushambulia, wakati mimi miaka yote nguvu nilikuwa nawaachia mashahidi wa Uganda, kina Karoli Lwanga na moto wa Namugongo, sikujua inadaiwa na sebuleni kwangu saa mbili usiku. Mama Teresa wa Kolkata barua zake zilipochapishwa 2007 ndo dunia ikajua alikaa kwenye giza hilo miaka na miaka, na sala hakuacha. Huyo naye mnafiki?

Kwa hiyo leo jioni kaa palepale, makumi yote matano, ukimaliza ongeza Salamu Maria moja. Ukitaka kupunguza, subiri siku moyo umetulia, na umwambie padre kabla hujapunguza.