Sosi yako usiikimbize supamaketi

Juzi mdada mmoja wa Joska aliniandikia, ako na kashamba ka pilipili mbuzi na nyanya, bei imeanguka, broka anataka kumchukulia gunia kwa bei ya kutupa, sasa ameamua atengeneze sosi na ananiuliza kitu kimoja tu: "Madam, nianzie supamaketi gani?" Nilimjibu inboksi lakini najua mko wengi mnaota hiyo shelfu kwa hivyo wacha niseme hapa wazi. Usianzie supamaketi. Anzia kwa mtu anachoma nyama.

Mimi niko Kamulu, plot ya hamsini kwa mia, pilipili ziko nyuma ya nyumba. Nilinunua sufuria kubwa Kamukunji, nikaanza na siki, vitunguu saumu na pilipili zangu, na hadi leo nasema bila aibu hii Kangundo Road hakuna sosi inashinda yangu. Leseni ya kaunti nikatoa, cheti cha afya nikapimwa (hicho ni kila miezi sita), alama ya KEBS, wale wa viwango vya ubora, ikapatikana. Basi supamaketi moja ikanipa oda. Meneja alionja akalamba kijiko! Nikakopa chama nikanunua chupa na lebo, tukakesha na watoto tukijaza.

Malipo yalikuwa baada ya siku 60. Zikapita. Nikaenda, naambiwa lete delivari noti, na ni wao wenyewe waliipiga muhuri. Nikaleta. Meneja amehamishwa. Njoo Alhamisi. Mwishowe nikarudishiwa katoni zimejaa vumbi na ile iliyouzwa sijalipwa mpaka wa leo. Kilichoniuma zaidi ni kukaa kwa chama kina mama wote wananiangalia, na sikuwa nimekula pesa ya mtu. Deni nililipa lote, shilingi kwa shilingi, na nililipa na pesa ya nyama choma.

Kuna jamaa anachoma karibu na steji, alionja akasema hataki chupa, anataka mtungi wa lita 5. Akatuma M-Pesa kabla mtungi haujatoka mkononi mwangu. Wateja wake wakaanza kuuliza hii pilipili inatoka wapi, wa chipsi wa hapo kando naye akataka, halafu watu wakawa wananitafuta nyumbani wabebe chupa. Sasa hivi siwezi kutosheleza oda, pilipili zangu hazifiki nanunua za majirani, na hiyo supamaketi juzi imenipigia simu ati turudi mezani. Nimekataa.

Lakini kitu moja msicheze nayo ni asidi. Sosi ya nyumbani lazima iwe na pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imepanda) chini ya 4.6, mimi napenda ifike 4 au chini kabisa, na napima kila sufuria. Juu ya hapo kile kijidudu cha botulism kinaweza kumea ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, na sumu yake inaweza kukosa harufu na rangi, kwa hivyo kuniambia "yangu imekaa wiki mbili na iko sawa" haimaanishi kitu. Wale mnaweka vitunguu saumu kwa mafuta mnaacha kwa meza, tafadhali wacheni, mtaua mtu. Chupa chemsha, jaza sosi ikiwa moto, funga hapo hapo. Kama huna mashine waulize KIRDI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, kazi yao ni hiyo ya kusaidia wenye viwanda vidogo.

Jamani tuwache kudharau mteja mwenye makaa mkononi kwa sababu hana kiyoyozi. Huyo ndiye analipa keshi, na keshi ndiyo inanunua chupa za wiki ijayo.

Kwa hivyo dadangu wa Joska, Jumamosi hii jioni beba kidogo upite kwa wachomaji, waonjeshe na nyama yao wenyewe. Bei piga hesabu ya chupa, lebo, gesi, siki na pia masaa yako, hayo masaa wengi mnasahau, halafu ukishaitaja usishuke. Akisema atalipa wiki ijayo rudi nayo nyumbani. Na ukikwama kwa zile fomu za KEBS niandikie, hizo nitakuonyesha venye zinajazwa.