Maswali yenu: kahawa ya presi, mashapo na maji moto

Nilipotaja birika la kioo lenye mchi wa wavu, lile mnaloliita frenchi presi, sikujua wengi mnalo kabatini. Nimechagua maswali machache.

Kahawa yangu hujaa mashapo na mchi unagoma kushuka. Nimeuziwa birika bovu? (Msomaji, Morogoro)

Birika ni zima, tatizo ni usagaji. Kahawa nyingi za paketi husagwa laini kama unga, na hiyo inafaa kuchemshwa sufuriani. Kwenye presi, unga huo hupenya wavu, na usiopenya huziba matundu. Mchi ukigoma usiulazimishe. Kioo kikipasuka, maji moto ni yako.

Tafuta buni zilizokaangwa, za Kilimanjaro, Mbinga au kokote, usage mwenyewe ziwe chenga kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Huna mashine? Twanga kwenye kinu, lakini uishie njiani, usifikie ulaini wa wauza kahawa wa barazani. Kisha chekecha kwa chujio la chai. Zinazobaki juu ndizo za presi. Vumbi lililoanguka litunze, siku nyingine utalichemsha sufuriani.

Halafu acha haraka. Mimi miaka yote nilikuwa nikibana mchi kama napiga pampu ya baiskeli, nikashangaa kikombe kina tope. Siku hizi namimina maji, nasubiri dakika 4, nakoroga tabaka la juu, naondoa povu kwa kijiko, kisha nasubiri dakika 5 nyingine. Mashapo hutulia chini yenyewe. Mchi naushusha mpaka uguse uso wa kahawa tu, basi, namimina taratibu.

Maji yawe yanachemka au yapoe kwanza? (Msomaji, Nairobi)

Kahawa hutoka vizuri kwenye nyuzi 92 hadi 96 hivi. Wewe wa Nairobi una bahati: kwa mwinuko wa mji huo, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, kwa hiyo mimina moja kwa moja. Aliye Dar es Salaam au Mombasa azime jiko, angoje kama dakika moja. Ila suuza birika kwa maji moto kwanza. Kioo baridi hunyonya joto kuliko unavyodhani.

Sina mzani. Nipime vipi?

Kipimo changu ni gramu 30 kwa nusu lita ya maji. Kwa kijiko cha chakula kilichofutwa, hiyo ni kama vijiko 6. Ndiyo, ni vingi. Wengi huweka viwili, kahawa ikitoka kama maji ya kuoshea sufuria, wanalaumu buni.

Naweza kutumia ile kahawa ya kopo inayoyeyuka?

Hapana. Ile imeshapikwa kiwandani. Presi itakuwa inachuja nini?

Nimesikia kahawa ya presi inapandisha lehemu (kolesteroli). Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli. Mafuta ya kahawa yana kemikali iitwayo kafestoli, ambayo huongeza lehemu mbaya kwenye damu. Chujio la karatasi huinasa, wavu wa chuma huiachia ipite. Kahawa ya kuchemsha isiyochujwa nayo ni vilevile, kwa hiyo usikimbilie dele ukidhani umepona. Kikombe kimoja cha asubuhi sikihofii kwa mtu mwenye afya. Kama daktari ameshakuonya kuhusu lehemu, pitisha kahawa yako kwenye karatasi kabla ya kunywa.

Na tangawizi? Bila tangawizi mzee wangu hainywi.

Weka, nani atakukataza? Ponda kipande kidogo, kichemke kwenye maji kwanza, uchuje, ndipo umimine maji hayo kwenye kahawa. Ukitia tangawizi ya unga ndani ya presi, unarudi kwenye swali la kwanza.

Kikombe cha kwanza kitamu, cha pili kichungu mno. Kwa nini? (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu kahawa bado imekaa na machicha yake. Kushusha mchi hakuzuii uchungu kuendelea kutoka. Ikishaiva, mimina yote kwenye chupa ya chai, hata kama unakunywa peke yako. Na machicha usiyamwage kwenye sinki, bomba litaziba. Yatupe kwenye mboji.