Dola 70 za umasikini: nilivyoihesabu familia vibaya nikitafuta leseni ya bastola Texas

Wiki iliyopita kijana mmoja tunayesali naye hapa Abilene, Texas, alinivuta pembeni baada ya ibada. "Shikamoo kaka. Eti leseni ya bastola wana punguzo kwa sisi wa kipato cha chini?" Nikacheka, maana swali hilo liliwahi kunigharimu mwaka 2016, na kosa lililonigharimu bado naona watu wetu wanalirudia kwenye fomu nyingine kila siku. Nikamwambia asubiri niandike.

Mimi mtu wa Kasulu, Kigoma. Nilikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, na kama wengi nilianza kwa kupiga boksi, yaani kazi za vibarua. Mwaka 2015 nilikuwa zamu ya usiku kwenye sheli moja kando ya barabara kuu ya I-20. Kwetu bunduki nilizozijua ni za askari na magobore ya wawindaji, basi. Halafu tarehe 1 Januari 2016 Texas ikaanza kuruhusu wenye leseni kubeba bastola waziwazi. Wiki hiyohiyo mzee mmoja akasimama mbele yangu na bastola kiunoni, anakoroga sukari kwenye kahawa, ananiuliza hali ya mke wangu. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka nikimrudishia chenji. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimeshazoea, na mimi mwenyewe nikawa naitafuta leseni. Bosi hakuruhusu silaha kaunta, kwa hiyo ya kwangu ingenifaa tu zile hatua za saa kumi na moja alfajiri kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Hatua hizo ndizo nilizokuwa naziogopa.

Ada wakati huo ilikuwa dola 140. Kwa mwenye kipato kisichozidi kiwango cha umasikini cha serikali kuu ilikuwa nusu, dola 70. Kiwango hicho hutangazwa kila Januari na Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya Marekani, na kinapanda kwa idadi ya watu wa nyumbani. Mwaka ule kilikuwa dola 11,880 kwa mtu mmoja, na kila anayeongezeka unajumlisha 4,140. Watu wanne, 24,300. Watu sita, 32,580.

Sasa tazama nilivyopiga hesabu. Nilichukua pesa iliyoingia benki mwaka mzima: kama dola 23,600. Kisha nikahesabu vichwa: mimi, mke wangu, watoto wawili, mama yangu Kasulu, na mdogo wangu niliyekuwa namlipia ada ya sekondari. Sita. Nikajiona nimefaulu umasikini mara mbili: hata kwa vichwa vinne ningepita, kwa sita nilikuwa nimepita kwa mbali. Nikajaza kwenye mtandao, nikachagua kipengele cha kipato cha chini, nikalipa 70, nikatuma nakala ya fomu 1040 ya kodi. Nikakaa kusubiri.

Ikaja barua. Hustahili punguzo, malizia dola 70.

Nilikasirika sana. Nilikuwa natumia kadi ya serikali ya chakula, iweje niambiwe si masikini? Nikakaa mezani na ile 1040, mstari kwa mstari, nikaona mambo mawili ambayo nilipaswa kuyaona kabla ya kulipa.

La kwanza, kwenye 1040 hayapo yale yanayoingia benki. Pale kuna mshahara kabla haujakatwa kodi ya mapato na makato ya Social Security (hifadhi ya jamii), na wangu ulikuwa 26,700. Ile tofauti ya elfu tatu nilikuwa sijawahi kuishika mkononi, lakini kwa hesabu yao ni yangu. Ukitaka kujua namba yako tazama W-2, ile karatasi ya mshahara wa mwaka anayokupa mwajiri, na 1040, acha kutazama simu ya benki.

La pili liliniuma zaidi. Mama yangu hakuwemo. Kila mwezi nilikuwa natuma pesa, na mwezi wa dawa zake natuma mara mbili; mtu yeyote Kasulu angekuambia kuwa yule mama anakula kwa jasho la mwanawe. Lakini sheria ya kodi ya Marekani inataka tegemezi wako awe raia, au mkazi wa Marekani, au akae Canada au Mexico. Tanzania haimo. Mdogo wangu vilevile. Kwa hiyo kwenye karatasi tulikuwa wanne, kikomo 24,300, na mimi nina 26,700. Nilikuwa tajiri kwa dola 2,400, ambazo kwa bahati mbaya ndizo hasa nilizokuwa nimezituma nyumbani mwaka ule.

Na kadi ya chakula haikunisaidia kitu, kwa sababu inatolewa hata kwa watu wenye kipato kinachozidi kiwango cha umasikini. Kila punguzo lina asilimia yake ya kiwango kilekile: hili asilimia 100, lile 130, jingine 150. Ukiwa nalo moja usidhani umeyapata yote. Uliza kwanza ni asilimia ngapi, ndipo upige hesabu.

Nikalipa ile 70 iliyobaki, huku nikisonya.

Aliyepata punguzo ni jirani yetu, mama wa Kikongo. Alikaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, na Nyarugusu iko wilaya yetu ya Kasulu, kwa hiyo inawezekana tulipishana sokoni zamani bila kujuana. Tukaja kukutana Texas, milango yetu ikitazamana. Alikuwa anafanya usafi wa ofisi usiku. Aliposikia habari zangu akaja na bahasha ya karatasi za kodi. "Miye niko na batoto bane na bwana hakuna. Serikali itanihesabia ngapi?" Safari hii nilikuwa mjanja. Kipato kwenye 1040 kilikuwa dola 19,400, watoto wote wanne wameandikwa tegemezi wake na wanalala chumba cha pili. Watu watano, kikomo 28,440. Hapa hapakuwa na mjadala.

Ila tulikwama kidogo kwenye kodi yenyewe. Aliyemjazia mwaka wa nyuma yake alikuwa amemshauri "amuazime" shemeji yake mtoto mmoja ili na yeye apate kitu kwenye kodi. Mchezo huo unajulikana kwenye jamii zetu, na nausema waziwazi: acheni. Kwanza ni kosa. Halafu mtoto uliyemuazima hayumo kwenye karatasi yako siku unayomhitaji. Bahati yake, fomu ya mwaka uliotakiwa alikuwa ameijaza sawasawa. Kama umepoteza nakala yako, muhtasari wa kodi unaombwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, bila malipo, hakuna haja ya kumlipa mtu dola 40 akuchapishie.

Ada aliyookoa dola 70 ilikuwa msaada, lakini msifikiri gharama iliishia hapo. Darasa la leseni mimi nililipa 75, yeye 60 kwa mwalimu mwingine. Kuna alama za vidole, na kuna boksi la risasi 50 za mtihani. Mtihani wenyewe ni risasi 20 kutoka yadi 3, nyingine 20 kutoka yadi 7, na 10 kutoka yadi 15, jumla ya pointi 250, na unafaulu kwa 175. Mimi nilipata 231 na nikajisifu wiki nzima.

Yule mama nilimpeleka mwenyewe uwanjani. Alivaa kitenge chini na jaketi kubwa la mwanawe juu. Alipopewa bastola ya kuazima hakuielekeza kwenye shabaha. Aliishika tu imelala juu ya meza, kiganja juu yake, kama mtu anayemtuliza mtoto. Jirani yake wa mstari akafyatua, na nikamwona mama amefumba macho na midomo inakwenda. Sikumuuliza anasali au anahesabu. Mwalimu, Mmarekani mtu mzima, alikuwa na akili: hakumharakisha. Baada ya muda akainua mkono, akapiga zote 50 bila kusimama kupumzika. 212. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, hadi tulipofika mlangoni: "Kule kwetu, mwenye hii kitu ndiye alikuwa anatuuliza makaratasi. Leo ni miye niko na karatasi."

Bastola hadi leo hajanunua. Kadi yake ya leseni ilipokuja aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na kadi ya mgao ya Nyarugusu.

Nanyi mcheke kidogo: tarehe 1 Septemba 2017 Texas ilishusha ada kutoka 140 hadi 40 kwa kila mtu. Sisi tulihangaika na bahasha za kodi kuthibitisha umasikini, mama akalipa 70 na mimi 140, na mwaka mmoja baadaye mwenye nyumba ya ghorofa Houston analipa 40. Halafu tangu Septemba 2021 mwenye miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola Texas bila leseni kabisa.

Basi ya nini leseni? Kwangu sababu kubwa ni shule. Sheria ya serikali kuu inakataza silaha ndani ya futi 1,000, kama mita 300, kutoka uwanja wa shule. Ndani ya eneo lako binafsi uko salama, lakini ukishatoka barabarani umo, isipokuwa kama jimbo lenye shule hiyo limekupa leseni, au silaha imefungiwa bila risasi. Nyumba zetu za kupanga zimezunguka shule ya msingi. Ukitoka na bastola mfukoni bila leseni, Texas imekuruhusu na Washington imekukamata. Pia leseni inatambuliwa na majimbo mengine kadhaa, jambo la maana kwa madereva wa malori.

Na hapa ndugu zangu wenye grini kadi (ukaazi wa kudumu bila uraia) nawaomba msome taratibu. Raia akikosea na bunduki anapata kesi. Wewe na mimi, hukumu ya kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, yenyewe peke yake. Hukumu ya kumpiga mke au mume, hata ile inayoitwa kosa dogo, inakunyima haki ya kumiliki silaha. Aliye hapa kwa viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi kabisa kushika bunduki wala risasi, na wanaompeleka uwanjani kupiga picha na bunduki wanamtia matatani. Kudaiwa matunzo ya mtoto yaliyoamuliwa nako kunakunyima leseni Texas. Na fomu unaijaza kwa kiapo, hivyo usije ukamwandika mama wa Kasulu anaishi nawe chumbani.

Nikarudi kwa yule kijana. Tukakaa kwenye gari lake, nikamwambia afungue W-2 kwenye simu. Anafanya kazi ghala, anaishi peke yake, mwaka 2024 alipata dola 31,000. Kiwango cha 2025 kwa mtu mmoja kilikuwa 15,650.

"Kumbe mimi ni tajiri, kaka."

"Tajiri mara mbili. Una grini kadi mwaka wa ngapi?"

"Wa sita."

"Umeomba uraia?"

Hakuwa ameomba, anaogopa ada. Fomu N-400 tangu Aprili 2024 ni dola 760 ukituma kwa karatasi, 710 kwa mtandao. Lakini mwenye kipato cha nyumbani kisichozidi asilimia 400 ya kiwango kilekile analipa 380; kanuni hiyo ilipoanza 2024 sharti lilikuwa aombe kwa karatasi. Na asiyezidi asilimia 150 anaweza kuomba asilipe kabisa kwa fomu I-912. Yule mama wa Kikongo ndivyo alivyopata uraia mwaka 2018, bila kulipa ada hata senti. Nikampigia kijana hesabu kwenye bahasha ya sadaka: 15,650 mara nne, 62,600. Yeye ana 31,000.

Akaitazama ile bahasha muda. Mwaka mzima alikuwa anatafuta namna ya kuokoa dola ishirini, nusu ya ile 40, kwenye leseni ya bastola, na hapo alikuwa ameachia 380 kwenye karatasi ambayo, akishaipata, hata hiyo bastola ataibeba bila woga wa kurudishwa Dar.

"Fomu yenyewe ina kurasa ngapi, kaka?"

Nikamwambia aje Jumamosi na 1040 yake, na chai ataikuta.